Fundi, Mbona Inazima? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Injini na Mafuta

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zina kitu kimoja kinachoniuma, mtu anaandika wakati ashanunua vitu vinne vitano tayari. Plagi mpya, filta mpya, pampu, betri, na gari bado inazima. Hizo ni pesa za karo, ni pesa za unga. Kwa hivyo majibu mengi ya leo ni ya kupima kwanza, kununua baadaye. Palipo na kazi ntaeleza kirefu, pale jibu ni moja ntapita haraka.

Salaam aleikum fundi. Nabeba abiria Gede hadi Malindi mjini na Probox, injini ya 1NZ ya petroli. Asubuhi inaenda vizuri kabisa, shida ni ikifika saa sita saba hivi jua likishika, inazima ghafla kama mtu amefunga switchi. Stata inapiga kwa nguvu lakini haishiki, nikingoja kama nusu saa inawaka kama haina neno. Nshabadilisha plagi, filta ya petroli, pampu nimeweka ya mtumba, nozo zimeoshwa. Sasa naambiwa injini imechoka ninunue ingine. Nifanye nini? – Dereva, Gede

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Injini usinunue. Injini haichoki saa saba ikapona saa nane. Injini iliyochoka utaijua, inasumbua kuwaka asubuhi ikiwa baridi, inakula oili, inatoa moshi wa bluu, haivuti ukiwa na abiria. Yako ikiwaka inaenda sawa, umesema mwenyewe. Kitu kinachokufa kwa joto na kufufuka kikipoa mara nyingi ni cha umeme, kuna waya mwembamba mahali umekatika ndani, ukipata moto unaachana, ukipoa unagusana tena.

Sasa tutoe moja moja. Koili za plagi hapo ziko nne, kila plagi na yake. Moja ikifa gari inatetemeka inaenda na silinda tatu, haizimi. Zife zote nne dakika moja na zipone pamoja, hiyo haiji. Nozo nazo, zile za kunyunyizia petroli, ni nne, hoja ni ile ile. Kwa hivyo tunatafuta kitu ambacho kiko kimoja tu na injini nzima inakitegemea, yaani pampu, relei yake (ile switchi ndogo inayoipa umeme), switchi ya ufunguo, waya za arthi za kompyuta ya injini, au sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka.

Mimi naanza na sensa ya krenki, na nakueleza kwa nini. Hiyo sensa iko mbele ya injini karibu na puli kubwa ya chini, kidude cheusi cha boliti moja na waya mbili. Inaangalia gurudumu la meno 34 lenye pengo la meno mawili, kila jino likipita inatuma umeme kidogo kwa kompyuta, na pengo likipita kompyuta inajua pistoni ziko wapi. Ishara hiyo ikikosekana kompyuta inaona injini imesimama hata kama stata inaizungusha, haitoi cheche, haifungui nozo, na hapa ndipo watu wanapopotea, inaikata na pampu pia. Kwenye Toyota za aina hii pampu haizunguki mpaka kompyuta ione stata inapiga na ione ishara ya krenki, vyote viwili. Basi makanika anaweka sikio kwenye tangi, anasikia kimya, anasema pampu imekufa. Unanunua pampu. Mkimaliza kuifunga gari imeshapoa, inawaka, mnashukuru Mungu, kesho saa saba mko pale pale.

Ikizima mara ingine usingoje ipoe, hapo ndipo pa kupimia, gari ikipoa ushahidi umeondoka. Tafuta mtu mwenye kile kidude cha kusomea gari kinachochomekwa chini ya dashibodi kinasoma kwa simu, lakini hakikisha kinasoma Toyota za Japani manake vingine vya bei rahisi havifungui hizi gari zetu za mtumba. Mwambie afungue ukurasa wa mizunguko ya injini, wewe piga stata. Ikisoma mia mbili na kitu hivi, sensa inafanya kazi na mimi nimekosa mshukiwa. Ikisoma sufuri na wewe unasikia kabisa injini inazunguka, umeshampata, ni sensa au waya zake.

Huna kidude? Chukua kitambaa, kiroweshe maji baridi, funga switchi kabisa, kiweke juu ya sensa dakika mbili tatu halafu kitoe ujaribu stata. Ikiwaka hapo hapo wakati injini nzima bado ina moto, jibu umepata bila kutumia shilingi. Ukiwa na mita pima koili ya sensa ikiwa ya moto na ikiwa baridi, ikisoma vizuri baridi na ikifunguka kabisa ikiwa moto, itupe. Na kabla ya kununua chomoa soketi yake uitazame kwa tochi. Huku kwetu hewa ya bahari inaingia kila mahali, utakuta pini zimeota ule unga wa kijani, na unga huo peke yake unatosha kuzima gari. Piga brashi ndogo, puliza, paka grisi ya umeme, ufunge.

Kama mizunguko inasoma sawa basi rudi kwenye petroli, lakini na geji, sio na sikio. Presha ya petroli kwa injini yako inatakiwa kuwa kilopaskali 304 hadi 343, kwa geji za mafundi wetu ni psi 44 hadi 50. Gari ikiwa imezima na geji iko chini ya hapo stata ikipiga, angalia kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu. Unafika na presha hakuna, pampu. Haufiki, relei au waya. Na hapa nakuomba kitu kimoja, wacha ule mtindo wa kuweka petroli ya mia mbili asubuhi, mia mbili mchana. Pampu inakaa ndani ya tangi na petroli ndiyo inayoipoza. Tangi ikikaa karibu tupu siku nzima kwenye jua la Malindi, pampu inafanya kazi moto, tena ile uliyoweka ni ya mtumba, hujui imetoka wapi.

Sensa mpya bei yake haifiki hata karibu na bei ya injini ya mtumba. Anza na kitambaa cha maji.

Fundi vipi, tuktuk yangu inaenda vizuri kama dakika kumi halafu inaanza kukohoa inazima. Nikifungua kifuniko cha tangi inafanya fyuuu, nikifunga inawaka tena. Nimeambiwa kabureta. – Kijana wa tuktuk, Kisumu Ndogo

Kijana wangu, jibu umeliandika mwenyewe. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingiza hewa, petroli ikitoka hewa lazima iingie nafasi yake. Tundu limezibwa na vumbi, tangi inavuta kwa ndani, petroli inagoma kushuka. Ile fyuuu ni hewa inaingia kwa nguvu. Osha kifuniko na petroli, puliza tundu mpaka hewa ipite, basi. Kabureta wasiiguse. Na usije ukaondoa kifuniko ukaweka kitambaa kama navyoona wengine hapo stendi, mvua ya masika ikinyesha utakuwa na tangi la maji, na cheche moja ya sigara ya abiria ni balaa.

Mzee shikamoo. Nina Hiace ya dizeli, injini ya 2KD, inafanya Malindi Mombasa. Siku hizi nikitaka kupita lori inakufa nguvu, taa ya injini inawaka, nikiegesha nikizima nikiwasha inarudi sawa. Imesomwa kwa kompyuta imetoa P0087. Fundi mmoja ameniambia ni nozo zote nne, bei aliyonipa sijalala. Naogopa pia kuwa nauziwa dizeli chafu. – Mwenye gari, Barani

Marahaba, na pole. P0087 maana yake presha ya dizeli kwenye reli, ile paipu nene inayogawia nozo zote dizeli, ni ndogo kuliko ile kompyuta imeagiza. Basi. Haijasema nozo, haijasema pampu, haijasema ununue kitu. Imekuambia mahali pa kuanza kutafuta.

Fuata njia dizeli inayopita kutoka tangi kwenda mbele, usianze mwisho. Kuna kichujio ndani ya tangi, kuna hozi, kuna filta na chombo cha kutenga maji chini yake, kuna pampu kubwa na valvu yake ndogo ya kupimia dizeli inayoingia, ndipo reli, ndipo nozo. Nozo ni za mwisho kabisa kwenye mstari na ndizo za bei ya juu zaidi, sasa wewe umeanzishwa huko huko.

Fungua ile skrubu ya chini ya filta, toa dizeli kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, iweke chini ya kivuli usiiguse saa moja. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na utaona mstari kabisa. Ukiona pia kitu cheusi kinachoteleza kimekaa hapo katikati, hao ni wadudu wa dizeli, wanazaliana pale maji na dizeli zinapokutana, na kwenye joto na unyevu wa pwani wanapenda sana. Hapo tangi ishushwe ioshwe, filta mpya peke yake itaziba tena baada ya siku chache.

Chupa ikiwa safi, badilisha filta kwa filta nzuri halafu toa hewa vizuri kwa pampu ya mkono. Ukitaka uhakika kata kipande cha hozi ya plastiki inayoonekana ndani uiweke kwa muda kati ya filta na pampu, injini ikienda utazame. Ukiona mapovu yanapita, kuna mahali hewa inaingia, labda hozi imepasuka au klipu imelegea. Hewa inaingia bila dizeli kutoka kwa hivyo usitafute tone chini ya gari.

Yote hayo yakiwa sawa, valvu ya kwenye pampu kubwa. Ni kitu kinachojulikana kwa injini hizi, kinakwama, na kinauzwa peke yake bila kununua pampu nzima. Ndipo sasa tufike kwa nozo, na hata hapo unazipima. Dizeli inayorudi kutoka kwa kila nozo ikingwe kwenye chupa yake, chupa nne zinazofanana, injini iachwe itembee dakika kadhaa bila kukanyagwa. Mkizipanga chupa mtaona. Zikiwa sawa sawa na kidogo, nozo zako nzima. Moja ikiwa imejaa na zingine chini, ni hiyo moja inayovuja presha, na utarekebisha hiyo, sio nne.

Kitu kimoja nasisitiza na mwambie na makanika wako. Kwenye dizeli za zamani fundi hulegeza nati ya nozo injini ikienda ili ajue silinda gani imekufa. Kwenye 2KD na injini zote za reli, usifanye hivyo kabisa. Ndani ya ile reli presha inapita bar 1,000 ukikanyaga, gurudumu lako lina bar mbili na kitu. Dizeli ikitoka hapo kwa tundu dogo inapenya ngozi na kuingia ndani ya mkono, jeraha linaonekana kama tundu la sindano na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono wote. Ikitokea ni hospitali saa ile ile, hata kama hakuna uchungu.

Juu ya dizeli chafu, hofu yako ina maana. Mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa na dizeli sana sababu yalikuwa rahisi, ndio maana mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Biashara ilipungua lakini ya mapipa na mitungi ya vichochoroni huwezi kuidhamini. Ubaya wa mafuta ya taa ni kuwa hayana utelezi wa kutosha, na pampu yako inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili ingine. Pampu ikisagika inatuma vumbi la chuma mbele kwa nozo, hapo ndipo unapofika kwa ile bei iliyokunyima usingizi. Jaza kwenye stesheni moja unayoiamini, chukua risiti kila mara, na ukishuku weka chupa moja ya sampuli pamoja na risiti yake upeleke malalamiko EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia mafuta.

Assalamu alaikum fundi. Ukurasa ni wa magari lakini huku kwetu Lamu gari letu ni boti. Nina mashine ya Yamaha 40 ya tu-stroku, navusha watu Mokowe hadi mjini. Ikienda polepole haina shida. Nikifungua moto inakwenda kidogo halafu inashuka inataka kuzima, kijana wangu akifinya ile pampu ya mkono ya kwenye hozi inapanda tena. Nimeosha kabureta mara nyingi. – Nahodha, Lamu

Wa alaikum salaam nahodha, karibu, injini ni injini. Na nashukuru umetaja ile pampu ya mkono sababu ndiyo iliyonipa jibu. Ukifinya na mashine inapanda, maana yake mashine ina njaa ya petroli na mkono wa kijana ndio unaoilisha. Kabureta na cheche ziko sawa, zingekuwa mbovu kufinya kusingesaidia kitu. Tatizo liko kati ya tangi na kabureta.

Anza na skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi, imefunguliwa? Watu huifunga boti ikilala ili maji ya mvua yasiingie, asubuhi wakasahau. Halafu hozi yenyewe, ikunje kwa vidole uone kama ina nyufa, jua na chumvi zinaimaliza ndani kwa ndani, wakati mwingine ngozi ya ndani imebanduka inakuwa kama ulimi, petroli ikivutwa taratibu inapita, ikivutwa kwa nguvu ulimi unaziba. Halafu zile soketi za kuunganishia hozi kwenye tangi na kwenye mashine, ndani zina mpira wa duara mdogo sana ukichakaa hewa inaingia. Halafu filta ndogo kwenye mashine, ukikuta tone la maji ndani yake basi tangi lote limwage uchuje.

Zikiwa zote nzima imebaki pampu ya petroli iliyoko ubavuni mwa mashine, ile ya ngozi mbili tatu nyembamba ndani. Haina umeme wala gia, inasukumwa na pumzi ya krenkikesi yenyewe, lile sanduku la injini chini ya pistoni. Ngozi ikikauka au ikipata tundu la sindano, polepole inatosha, kwa moto haitoshi. Hiyo ni dalili yako kabisa. Ngozi zinauzwa kwa seti, unafungua skrubu chache, unapanga zile mpya kwa mpangilio ule ule uliozikuta, piga picha kwa simu kabla hujazitoa.

Nahodha, hii usiiache mpaka mwisho wa mwezi. Mashine yenye njaa ya petroli ina njaa ya oili pia, sababu kwenye tu-stroku oili inakuja ndani ya petroli. Ukiendelea kufungua moto hivyo utachoma pistoni. Na kubwa kuliko mashine, una watu ndani, ikikuzimia katikati ya njia wakati wa kusi na maji yanakimbia utapelekwa usikotaka. Mchanganyiko ufuate kitabu cha mashine, nyingi ni lita 50 za petroli kwa lita moja ya oili, pima kwa chombo, sio kwa jicho.

Fundi habari. Mimi ni mwalimu, nina Premio. Tangu ifanyiwe kazi ya radieta inakula mafuta sana, petroli niliyokuwa nikimaliza nayo wiki sasa haifiki Alhamisi. Plagi zikitolewa ni nyeusi kama masizi. Mshale wa joto unakaa chini kabisa, nikaona ni vizuri. – Mwalimu, Malindi

Nzuri mwalimu. Mshale kukaa chini kabisa sio vizuri, ndio ugonjwa wenyewe. Karibu nina hakika walipofanya radieta waliitoa termostati. Ni tabia imeenea sana huku pwani, fundi anasema kwetu joto haina haja. Haja iko. Termostati inafunga njia ya maji mpaka injini ifike kama digrii 80 hadi 84 ndipo inafungua. Ukiitoa maji yanazunguka tangu mwanzo, injini haifiki joto lake, sensa ya joto inaiambia kompyuta bado tuko baridi, na kompyuta kazi yake injini ikiwa baridi ni kuongeza petroli. Inaongeza asubuhi, inaongeza mchana, inaongeza mpaka unaegesha nyumbani. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili ukinuse, kikinuka petroli badilisha oili siku hiyo hiyo termostati ikirudishwa.

Muulize fundi kwa upole tu, termostati iko wapi? Akisema hakuna, nunua mpya na gasketi yake. Ikiwa ipo, basi imekwama wazi au sensa ya joto inadanganya, pimeni. Na mwambie asijaze maji ya kisima, visima vyetu vingi vina chumvi na chumvi inakula alumini ya injini. Weka kulanti, yale maji maalum ya radieta.

Gari yangu imesomwa P0171, fundi akabadilisha oksijeni sensa, taa imerudi. – Watamu

P0171 inasema hewa imezidi au petroli imepungua. Injini ya petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo moja, na oksijeni sensa ndiyo iliyoona kuwa hesabu haitimii, ikaripoti. Mmefukuza mlinzi aliyepiga kelele, mwizi bado yuko ndani.

Mwambie fundi atazame kwenye mashine yake ile asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza. Gari ikisimama tu inaongeza sana, na ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500 inapungua, basi kuna hewa inaingia pasipotakiwa, tafuta hozi iliyopasuka au gasketi ya manifoldi, zile paipu zinazoingiza hewa kwenye silinda. Ikiwa ni kinyume, imesimama sawa na ukikanyaga inazidi, basi petroli haitoshi au ile sensa ya kupima hewa ina vumbi. Hiyo ya hewa ioshwe na spray yake maalum, isiguswe kwa kidole wala kitambaa.

Landkruza ya 1HZ, tunapeleka wageni Tsavo kwa geti ya Sala. Ikilala usiku asubuhi stata inapiga mpaka betri inataka kuisha ndipo ishike. Mchana haina shida. – Dereva, Malindi

Kesho asubuhi mtu mmoja apige stata mwingine asimame nyuma atazame paipu ya moshi. Moshi mweupe ukitoka wakati stata inapiga, dizeli inafika ila haiungui, pima zile plagi sita za kupashia joto na relei yake. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki, imerudi tangini usiku sababu hewa imeingia mahali. Kwa gari hizi mshukiwa wangu wa kwanza ni ile pampu ya mkono iliyoko juu ya filta, mpira wake ukichakaa unavuta hewa. Jaribu hivi, asubuhi kabla ya stata ipigepige kwa mkono mpaka iwe ngumu halafu uwashe. Ikishika mara moja umejua ni hewa.

Shikamoo fundi. Baba yuko Saudia, Corolla yake ya petroli imesimama uwanjani karibu miaka miwili, sasa anarudi Ramadhani na ameniambia niiwashe. Naweka betri tu niwashe? – Binti, Maweni

Marahaba mwanangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuwasha. Betri isiwe ya kwanza. Petroli ya miaka miwili imeshaharibika, ile nyepesi yote imeruka, iliyobaki inanuka kama rangi ya zamani na inaacha gundi. Ukipiga stata hiyo gundi inavutwa kwenye pampu na nozo, ndipo gharama inapoanza. Tangi imwagwe kwanza, nje, mbali na jiko na mtu yeyote mwenye sigara, betri ikiwa haijafungwa. Filta ya petroli ibadilishwe.

Fungueni boneti mtafute panya. Wanapenda kujenga ndani ya boksi la filta ya hewa na wanakula waya. Halafu fundi atoe plagi nne, adondoshe oili kidogo kila tundu, aache usiku mzima. Siku ya pili azungushe injini kwa spana kwenye puli ya krenki, kwa mkono, taratibu, raundi mbili. Ikigoma asiilazimishe na spana ndefu, aniandikie. Ikizunguka vizuri, oili mpya na filta yake, maji ya radieta yatazamwe, petroli mpya lita kumi hivi, betri ifungwe, soketi ya pampu ichomolewe na plagi zikiwa bado nje apige stata mpaka taa ya oili izime. Ndipo plagi na soketi zirudi, na kuwasha.

Ikiwaka usiikanyage. Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine apite na tochi akifuata hozi za petroli kutoka tangi mpaka kwenye nozo, sababu mpira uliokauka miaka miwili unapasuka siku unapopata presha. Akiona tone moja tu, zima.